Boma: ua wa miti uliohamia serikalini

Mgeni akifika Tabora, Iringa au Songea akauliza bomani ni wapi, ataelekezwa kwenye ofisi za serikali: kwa mkuu wa wilaya, mahakamani, kwa afisa ardhi. Hakuna atakayemwonyesha mti uliosimikwa ardhini. Akivuka mpaka wa Namanga akauliza hilohilo Nairobi, jibu linageuka. Kwa Mkenya wa leo boma ni nyumbani kwa mtu, na ndiyo maana mtandao wa serikali wa kujiandikishia nyumba za bei nafuu ukaitwa Boma Yangu. Lakini mtajie Bomas, kile kituo cha ngoma na utamaduni kilichoanzishwa mwaka 1971, uone fikra zake zinakokwenda: kwenye matokeo ya urais, kwa kuwa kura za 2013, 2017 na 2022 zilijumlishwa na kutangazwa palepale.

Asili ya yote hayo ni miti iliyochongwa ncha. Kamusi ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyeishi Mombasa na Rabai, ilichapwa London mwaka 1882, mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Humo boma limeelezwa kuwa kinga ya mji au kijiji, iwe ya mawe, ya miti, au ya kichaka cha miiba kisichopenyeka. Ofisi haimo. Karani hayumo. Walivyoingia ndiyo habari yenyewe.

Krapf hakuhitaji kwenda mbali kuona kitu alichokuwa akikieleza. Rabai, alikofungua misheni mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann, ni nchi ya Wamijikenda, na Wamijikenda walikuwa na kaya zao: vijiji vilivyofichwa katikati ya msitu mnene, vikazungushiwa miti, vikawa na njia nyembamba zinazopita kwenye malango. Msitu wenyewe ulikuwa sehemu ya kinga, hivyo aliyekata mti ovyo alikuwa anamfungulia adui mlango, na katazo likawa zito. Miti ya nyua zile imeshaoza. Misitu ipo, na kaya kadhaa ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Bara, karne ya 19 ndiyo iliyokuwa karne ya boma. Wangoni waliingia kutoka kusini miaka ya 1840, misafara ya pembe za ndovu na watumwa ikaongezeka, na magobori yakamiminika kutoka pwani. Watu waliozoea kujenga kila mmoja shambani kwake wakajikusanya ndani ya ua mmoja, si kwa kupenda. Aliyelala nje ya boma alikuwa amejiweka sokoni.

Kulijenga kulikuwa kazi ya kijiji kizima. Miti minene ilikatwa, ikachongwa ncha, ikasimikwa bega kwa bega katika mfereji uliochimbwa kuzunguka makazi, udongo ukashindiliwa. Fito zililazwa mlalo na kufungwa kwa kamba za magome ili mti mmoja usisukumike peke yake. Palipokuwa na nguvu kazi ya kutosha, handaki lilichimbwa upande wa nje na udongo wake ukarundikwa kwenye mashina. Lango lilikuwa jembamba, la kupita mmoja mmoja, na usiku lilizibwa kwa magogo. Matundu yaliachwa ya kupitishia mtutu wa bunduki.

Ua wa namna hiyo una adui asiyepigika, naye ni mchwa. Mti mkavu ukikaa ardhini misimu michache unaliwa shinani, na siku ya vita unakuta umesimama kwa mazoea tu. Wajuzi walilijua hilo, wakachagua miti ya jamii ya mkuyu na mrumba, ambayo tawi lake likichomekwa mwanzoni mwa mvua hutoa mizizi. Baada ya masika mawili matatu boma lilikuwa limechipua. Mchwa hawalitaki, moto haulishiki upesi, na kivuli chake kikawa baraza la wazee.

Misafara nayo ilikuwa na boma lake la usiku mmoja. Jioni wapagazi walikata matawi ya miiba, wakayazungusha kambini ncha zikitazama nje, asubuhi wakaondoka wakayaacha. Lilitosha kumzuia fisi. Kwa simba mwenye njaa halikutosha, kama walivyojua wajenzi wa reli ya Uganda pale Tsavo mwaka 1898. Kambi zao zilizungushiwa miiba, lakini simba wawili walikuwa wakitafuta mahali palipolegea, wanapenya, wanamburura mtu hemani na kutoka naye. John Henry Patterson, mhandisi aliyesimamia ujenzi wa daraja, aliwaua Desemba mwaka huo, wa kwanza tarehe 9 na wa pili tarehe 29. Ua wa matawi makavu ulikuwa umeshafeli miezi kadhaa kabla.

Turudi nyuma kidogo, vitani. Agosti 1871 Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu wa Tabora kwenda kumpiga Mirambo, mtemi wa Urambo aliyekuwa amefunga njia ya Ujiji. Walikivamia kijiji cha Zimbizo, kilichokuwa na boma la miti, wakakichukua. Siku chache baadaye Soud bin Sayd, mmoja wa viongozi wao, akakichukua Wilyankuru, makazi mengine yenye boma. Waliokuwa ndani waliponyoka pamoja na mtemi wao. Washindi waliporudi wamejitwisha pembe na mateka, Mirambo alikuwa amelala na watu wake kwenye majani marefu pande zote mbili za njia. Soud aliuawa, jeshi likatawanyika, na Stanley akawa miongoni mwa waliokimbia. Kabla mwezi haujaisha Mirambo aliingia Tabora yenyewe. Wanaomsifu Mirambo kwa ujasiri tu wanampunja. Alijua boma linafaa kwa nini na halifai kwa nini, na aliwaachia wenzake miti wakati vita alivipeleka kwenye majani.

Dhidi ya gobori, boma la miti lilikuwa kinga ya kweli. Risasi yake nzito na ya polepole ilizama kwenye gogo, na mpigaji alihitaji muda wa kushindilia baruti tena akiwa wazi, wakati mlinzi amejificha. Ndivyo vita vya bara vilivyopiganwa kwa miaka mingi, na mara nyingi aliye ndani ndiye aliyeshinda.

Kisha ukaja mzinga.

Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipochukua mamlaka ya pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, watu wa pwani waliinuka, na Bushiri bin Salim wa Pangani akawa kiongozi wao mkubwa. Alijenga boma la magogo karibu na Bagamoyo. Tarehe 8 Mei 1889 Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliliendea na askari aliowakusanya Misri na Msumbiji, akalipiga mizinga kwanza ndipo akawatuma watu wake waruke ndani. Bushiri aliponyoka, akaendelea kupigana kwa miezi, hadi alipokamatwa na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Bwana Heri bin Juma wa Saadani alikuwa mkaidi zaidi. Boma lake la Mlembule lilikuwa ndani ya kichaka kinene, na mwishoni mwa Desemba 1889 Wajerumani walirudishwa nyuma mbele yake. Wakarudi Januari na watu wengi zaidi na mizinga zaidi, wakalichukua. Akajenga jingine. Nalo likapigwa, na kufikia Aprili 1890 alikuwa amekubali amani. Gobori lilimlenga mtu aliye nyuma ya mti. Mzinga uliulenga mti wenyewe, na hapo ufundi wa karne nzima ukawa kuni.

Washindi walijenga vituo vyao. Palipoharakishwa vilikuwa vya miti na udongo kama vya wenyeji; baadaye vikaja vya mawe na chokaa: Mikindani mwaka 1895, Bagamoyo 1897, Arusha 1900. Wenyeji hawakuona haja ya kutafuta jina jipya. Mahali penye kuta nene, lango moja, askari juu na bwana mkubwa ndani palikuwa boma, basi. Mimi naona walitaja kitu kwa usahihi kuliko waliokijenga. Wajerumani walisema wameleta utawala, watu wakaona mtu aliyejizungushia ukuta kwa kuwaogopa.

Kodi ya kibanda ilipoanza kudaiwa mwaka 1898, boma likaingia katika maisha ya kila mwenye nyumba. Kodi ililipwa bomani. Kesi zilisikilizwa bomani, viboko vilichapwa bomani, vibarua walikusanywa bomani. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Majimaji, mambo yakawa yamepinduka kabisa: wajukuu wa waliojenga maboma sasa walikuwa nje, wakiyavamia. Agosti mwaka huo waliliteka boma la Liwale. Tarehe 30 mwezi huohuo maelfu walilivamia boma la Mahenge wakapokewa na bunduki za rashasha.

Waingereza waliporithi Tanganyika walirithi na neno. Hata katika nchi nyingine walizotawala, Zambia na Malawi, boma ni makao ya wilaya mpaka leo, na kwa Kichewa neno hilohilo limefikia kumaanisha serikali. Wapo wanaosimulia kwamba boma ni kifupi cha maneno manne ya Kiingereza kuhusu utawala wa ng'ambo. Wengine wanalisema hilo kwa uhakika kabisa, hata kwa watalii. Si kweli hata kidogo. Stanley analitumia neno hilo katika kitabu chake cha mwaka 1878, Krapf amelieleza mwaka 1882, na mwaka 1895, wakati jengo la Mikindani linasimama, hakukuwa na Mwingereza yeyote anayetawala Tanganyika. Neno walilikuta na tarishi wake, wakahamia.

Pwani, ndani ya miji yenyewe, mti wa kuzungushia ulikuwa na shughuli nyingine mbili: faragha na samaki.

Ua wa nyumba ya Kiswahili ulijengwa kwa nguzo na fito za mikoko, ukazibwa kwa makuti. Na makuti ni ya namna mbili, usije ukamchekesha fundi. Kuna makuti ya viungo, ambayo majani hushonwa mstari kwenye kijiti, hayo ni ya kuezekea. Na kuna makuti ya kumba, ambapo jani la mnazi husukwa likiwa bado kwenye uti wake, likawa jamvi gumu. Hayo ndiyo ya ua. Kumba halidumu. Jua na chumvi vinalikausha, mvua inaliozesha, na baada ya muda si mrefu wanawake wanakaa tena kusuka. Nyuma yake ndiko jiko lilikokuwa, na kisima, na choo, na maongezi ambayo barazani hayafai. Ndiyo maana mtu mwenye adabu husema anakwenda uani, na wote wakaelewa anakokwenda.

Fito zenyewe zilikuwa biashara kubwa. Lamu, mikoko inapangwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, mpaka vigingi na banaa. Boriti zilipakiwa majahazini zikapelekwa Oman na Ghuba, nchi zenye uhaba wa miti, zikabeba dari za nyumba za huko. Upana wa vyumba vyao ulifuata urefu wa boriti zetu. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje.

Baharini ua ulikuwa na kazi ya kinyume. Boma linamzuia anayetaka kuingia; uzio wa mvuvi unamzuia anayetaka kutoka. Fito husimamishwa kwenye maji mafupi au kwenye mlango wa hori, zikafungwa karibukaribu. Maji yanapojaa samaki wanapita kwenda kutafuta chakula kwenye mikoko. Maji yanapokupwa wanarudi, wanakuta njia imefungwa, na mvuvi anakwenda kuwaokota kwa miguu. Mtego wa aina hii pwani una majina yake: wando, uzio, wigo, kutegemea uko wapi na ua una umbo gani.

Hapa ndipo maneno yanapochekesha. Uzio umetoka majini, umekuwa neno la kawaida la kila kinachozunguka: uzio wa shule, uzio wa umeme, uzio wa uwanja wa ndege. Wigo umepanda cheo zaidi. Kila Juni, bajeti inaposomwa, utasikia serikali inakusudia kupanua wigo wa kodi ili iwafikie wengi zaidi. Mvuvi wa Vanga angeielewa kauli hiyo vizuri kuliko waziri aliyeisoma. Kitalu nacho, ambacho zamani kilikuwa kiwanja kilichozungushiwa ua, hasa wa mawe, leo nchini Tanzania ni eneo la kuwindia au la kutafutia gesi, linalogawiwa kwa leseni na kuchorwa kwenye ramani, hakuna jiwe lililopangwa wala fito iliyochomekwa. Boma, wigo, kitalu: wote ni waajiriwa wa serikali. Zizi peke yake limebaki na ng'ombe wake.

Nyua zote hizo, hata za baharini, zilizunguka vitu vyenye uhai. Ardhi haikuzungushiwa. Uchagani mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ulionyeshwa kwa masale, mmea mwembamba ambao mbuzi anaupita bila kuinua kichwa. Nguvu yake haikuwa kwenye shina. Jani la sale ndilo analobeba mtu anayekwenda kuomba msamaha, na kuling'oa kwa hila lilikuwa jambo la aibu kwa ukoo mzima.

Ua wa kuzungushia ardhi ulikuja na senyenge. Joseph Glidden wa Illinois, Marekani, alipata hataza ya waya wake wa miiba mwaka 1874. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwapa walowezi wa Kenya mikataba ya miaka 99, ile ya 1915 ikaifanya 999, na wakaanza kuweka waya kwenye nyika ambazo wafugaji walikuwa wakizipita kufuata mvua.

Na kisha senyenge ikazungushiwa watu. Kuanzia Juni 1954, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wakikuyu zaidi ya milioni moja na kuwaweka katika vijiji zaidi ya 800, kazi iliyokamilika kabla mwaka 1955 haujaisha. Nyumba zao za zamani zilichomwa moto. Vijiji vipya vilizungukwa na senyenge na mahandaki yaliyosimikwa vigingi vya mianzi vilivyochongwa ncha, na waliochimba na kuchonga wengi wao walikuwa wanawake, kwa kazi ya lazima, kabla hawajaruhusiwa saa chache za kwenda kutafuta chakula. Handaki na ncha zilikuwa zilezile za Bwana Heri. Kazi ya ua huo ilikuwa ile ya uzio wa samaki. Katika historia yote ya ua wa miti Afrika Mashariki sijaona matumizi maovu kuliko hayo.

Ugawaji wa mashamba uliofuata chini ya Mpango wa Swynnerton, wa mwaka huohuo 1954, uliweka mipaka ya kudumu Kenya ya kati, na nyua za mimea zikaenea. Kayaba, mmea wa miiba uliotoka Afrika Kusini, uliota kila mahali. Kwingineko ni michongoma, na aliyejaribu kuiruka usiku anaijua maana ya ule msemo wa kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Penye ukame watu huchomeka minyaa, ambayo utomvu wake ukiingia jichoni utajuta. Mijini tofali limeshinda, na juu yake vipande vya chupa.

Lakini ufundi wa nguzo hai haujafa. Simanjiro, kaskazini mwa Tanzania, wafugaji wanaosaidiwa na shirika la African People & Wildlife wanajenga mazizi kwa nguzo za miti ya jamii ya manemane. Nguzo zinachomekwa, zinatoa mizizi na majani, kisha wavu wa chuma unafungwa juu yake. Simba hapenyi, na kila mvua inayonyesha inazidi kuuimarisha ua. Mhandisi Patterson angelipa fedha nyingi kuwa nao.

Mtu akitaka kuona boma leo, anaweza kwenda makumbusho ya Arusha, au ya Iringa yaliyofunguliwa mwaka 2016. Yote mawili yako ndani ya majengo ya Wajerumani. Dar es Salaam ipo Makumbusho ya Kijiji, iliyoanzishwa mwaka 1966 kuonyesha nyumba za makabila mbalimbali. Wenye dhamana ya makumbusho haya wangetafuta kiwanja kidogo, hata uani, wakajenga humo boma la miti kama la Zimbizo au Mlembule, lenye handaki, lango la kuinama na matundu ya gobori. Mafundi wa nguzo hai wako Simanjiro, na wakati mzuri wa kuchomeka ni mwanzo wa masika.